Kutoka Kamina mpaka Vienna: Wakongo, jazz na muziki wa kale wa Ulaya

Jumamosi jioni, ukipita karibu na makanisa ya Kamituga, utasikia korali ziko kwenye mazoezi. Mara nyingi wimbo unasimama katikati. Mpiga kinanda ametia noti ambazo haziko kwenye karatasi, ao kijana wa gitare amechomeka seben ndogo mwisho wa Aleluya ya Haendel. Hapo maneno yanaanza. Wazee wa korali wanasema wimbo wa mwenyewe hauharibiwi. Vijana wanajibu kwamba bila chumvi yao watu watasinzia kwenye viti.

Ubishi huo si wa Kamituga peke yake. Kwa miaka zaidi ya 80, wapigaji wa jazz wanachukua muziki wa kale wa Ulaya na kuubuni upya mbele ya watu. Wakongo nao wamo katika historia hiyo, tangu Kamina mwaka 1958 mpaka Vienna mwaka 2014. Makala hii inaeleza kazi hiyo inafanywa namna gani, ilitoka wapi, Wakongo waliifanyaje, na swali ambalo korali nyingi hazijiulizi: muziki uliobuniwa papo hapo unabaki mali ya nani?

Kubuni papo hapo ni kufanya nini?

Wapigaji wengi wanasema «improvizasioni». Kwa Kiswahili ni kubuni papo hapo. Watu fulani wanafikiri ni kupiga ovyo, kila mtu na lake. Sivyo. Mpigaji anaanza na kitu ambacho wote wanakijua: sauti ya wimbo, mfululizo wa akordi, ao mdundo. Kitu hicho kinabaki chini kama msingi wa nyumba. Yeye anajenga juu yake, na anachojenga leo si kile alichojenga jana.

Watu wa Kivu wanajua jambo hili bila kulisoma shuleni. Mwaka 1956, Mbelgiji Daniel Biebuyck aliandika masimulizi ya Mwindo kutoka kinywa cha mzee Rureke, msimulizi wa Wanyanga. Mzee huyo hakuwa anasoma kitabu. Alikuwa anasimulia, anaimba na kucheza, huku wengine wakimpigia mdundo na kuitikia. Hadithi ilikuwa ya wote, lakini namna ya kuitoa ilikuwa yake.

Kwa Warega, ambao ndio wenyeji wa Mwenga, mambo ya Bwami yalifundishwa kwa mithali zinazoimbwa na kuchezwa, pamoja na sanamu ndogo za mti ao za pembe. Sanamu moja iliweza kupewa mithali tofauti, kulingana na mwalimu na siku. Kitu ni kile kile, maana inafunguliwa upya.

Gitare ya rumba inafuata njia hiyo hiyo. Kwenye seben, akordi chache zinazunguka, zinarudi, zinazunguka tena. Mpiga solo anabuni juu yake mpaka watu wainuke.

Wazungu wa zamani nao walikuwa wanabuni

Hapa ndipo wengi wanashangaa. Muziki wa kanisa na wa majumba ya wafalme wa Ulaya, kati ya mwaka 1600 na 1750 hivi, haukuwa umeandikwa wote. Unaitwa muziki wa baroki. Mtunzi aliandika mstari wa besi, na karibu na noti akaweka tarakimu ndogo, kama 6 ao 7. Tarakimu hizo zilimwambia mpiga kinanda ni akordi gani atie. Namna ya kuitia, kwa vidole vingi ao vichache, haraka ao polepole, ilikuwa kazi yake mwenyewe. Mpiga kinanda wa korali ambaye anapewa karatasi yenye herufi za akordi tu anafanya kazi iliyo karibu sana na ile.

Waimbaji nao walikuwa na nafasi yao. Wimbo wa Haendel unaoitwa Lascia ch'io pianga, kutoka opera Rinaldo iliyochezwa London mwaka 1711, una sehemu mbili. Mwimbaji anaimba ya kwanza, anaimba ya pili, kisha anarudia ya kwanza. Kwa desturi ya wakati ule, akirudia hapaswi kuimba vile vile. Anapamba: anaongeza noti, anachelewesha moja, anapanda pale alipokuwa ameshuka. Mwimbaji aliyeimba mara mbili sawasawa alionekana hajui kazi. Tena sauti ya wimbo huo Haendel mwenyewe alikuwa ameitumia mara mbili mbele ya hapo: kama muziki wa dansi katika opera Almira ya mwaka 1705, na mwaka 1707 kwa maneno mengine. Hata mwenye wimbo hakuuacha ulivyokuwa.

Kuna pia nyimbo ambazo besi inarudia noti zile zile toka mwanzo mpaka mwisho. Monteverdi, katika kitabu alichotoa mwaka 1638, aliweka maombolezo ya msichana aliyeachwa na mpenzi wake. Chini kuna noti nne tu za kushuka, zinazunguka bila kuchoka, na juu yake sauti ya msichana inalia namna inavyotaka. Mtu aliyezoea seben ataelewa mara moja.

Johann Sebastian Bach alijulikana sana kwa kubuni. Mwaka 1747 mfalme Frederick II wa Prussia alimpa sauti fupi ya kubuni juu yake kule Potsdam. Bach alibuni palepale, na baadaye akaandika kutoka kwa sauti ile kitabu kizima cha muziki.

Desturi hiyo ilififia katika karne ya 19. Watunzi walianza kuandika kila kitu wenyewe. Beethoven, katika konseto yake ya tano ya piano ya mwaka 1809, alimwambia mpigaji asibuni pale ambapo zamani angebuni, ila apige kilichoandikwa. Shule za muziki zikafuata, na kupiga vizuri kukawa ni kupiga karatasi bila kosa. Wamisionari walipoleta nyimbo zao Kongo, walizileta katika hali hiyo. Ndiyo sababu wazee wa korali wanasema wimbo hauguswi: ndivyo walivyofundishwa.

Jazz inafungua mlango tena

Jazz ilizaliwa Marekani, kwa watoto wa Waafrika waliopelekwa utumwani, na moyo wake ni kubuni. Haikuchukua muda wapigaji wake wakaangalia upande wa Bach. Mwaka 1937, mjini Paris, Django Reinhardt na gitare yake, pamoja na Stéphane Grappelli na Eddie South kwenye violoni, walirekodi konseto ya Bach ya violoni mbili wakibuni juu yake. Mwaka 1959 Mfaransa Jacques Loussier alianza kutoa sahani zake za Play Bach: piano, besi na ngoma. Alianza kila kipande kama Bach alivyoandika, kisha akaenda zake, kisha akarudi.

Mwaka 1994 mpiga saksofoni wa Norwe, Jan Garbarek, alitoa Officium pamoja na waimbaji wanne wa Hilliard Ensemble. Waimbaji waliimba nyimbo za kale za kanisa, nyingine za zaidi ya miaka 500, na saksofoni ikatembea katikati ya sauti zao bila noti iliyoandikwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1990, Pierre Akendengué wa Gabon na Mfaransa Hughes de Courson walitoa Lambarena. Humo sauti na ngoma za Gabon zinakutana na Bach, kwa kumkumbuka daktari Albert Schweitzer, ambaye alitibu wagonjwa Lambaréné na alikuwa pia mpiga ogani wa Bach.

Kamina, 1958: misa isiyoandikwa

Kongo haikungoja miaka ya 1990. Kule Kamina, Katanga, padri Mbelgiji Guido Haazen, wa shirika la Wafransisko, alianzisha korali ya watoto wa shule na walimu wao katika miaka ya 1950. Iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, jina la mfalme wa Ubelgiji wa wakati ule. Mwezi wa tatu 1958 iliimba Kamina misa ambayo dunia inaijua kama Missa Luba, na mwaka huo ikasafiri mpaka Ulaya.

Maneno yalikuwa ya Kilatini, yale yale ya misa ya zamani: Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus, Agnus Dei. Sauti na midundo ilitoka hapa. Sanctus ilijengwa juu ya wimbo wa kuagana, na Hosana juu ya mdundo wa dansi ya Kasai. Misa hiyo haikuandikwa kwanza kwenye karatasi: waimbaji waliibuni pamoja kwenye mazoezi, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na kila mara ilibadilika kidogo. Noti zilizochapishwa zilikuja baadaye, wakati korali za Ulaya na Marekani zilipotaka kuiimba nazo. Kumbe kile wanachosoma kwenye karatasi ni picha ya siku moja tu.

Ilikuwa kabla ya Mtaguso wa pili wa Vatikani, ambao ulianza mwaka 1962 na kuruhusu lugha na muziki wa kila taifa kanisani. Miaka 30 baada ya Kamina, mwaka 1988, Roma ilikubali misa kwa desturi ya Zaïre.

Vijana wengine walijifunza njia zote mbili ndani ya mtu mmoja. Ray Lema, aliyezaliwa mwaka 1946 katika Kongo ya Chini, alifundishwa kinanda na nyimbo za Kigregori katika seminari ndogo. Baadaye alizunguka nchi akikusanya midundo ya makabila kwa ajili ya Ballet ya Taifa, na akawa mpiga piano anayejulikana duniani kwa jazz na mengine.

Wengine walichagua kupiga kama ilivyoandikwa. Orkestra ya Wakimbangisti ya Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, inapiga Beethoven na wengine noti kwa noti. Kufika hapo nako si kazi ndogo, na hakuna aliye nje ya njia.

Vienna, 2014: Haendel na likembe

Mfano mkubwa wa siku za karibu unaitwa Coup Fatal. Ulionyeshwa mara ya kwanza Vienna, Austria, mwezi wa sita 2014, kisha ukazunguka Ulaya. Serge Kakudji, mwana wa Katanga, anaimba kwa sauti ya juu sana, ile ambayo katika opera za Haendel ilikuwa sauti ya mashujaa. Rodriguez Vangama wa Kinshasa alishika gitare na kuongoza wapigaji. Fabrizio Cassol, mpiga saksofoni wa jazz kutoka Ubelgiji, alifanya kazi nao juu ya muziki, na Alain Platel, Mbelgiji pia, alipanga mchezo jukwaani.

Walichukua nyimbo za Haendel, Monteverdi, Gluck na wengine wa zama hizo. Pahali pa violoni kulikuwa likembe, balafoni, gitare za umeme na ngoma. Kakudji aliimba sauti ya wimbo karibu na ilivyoandikwa. Chini yake besi ya zamani iligeuka mzunguko wa akordi kama wa Kinshasa, na wapigaji wakabuni juu yake. Kazi hiyo haikuhitaji kulazimisha vitu viwili visivyopatana, maana muziki wa baroki uliachiwa nafasi hiyo toka mwanzo. Wakongo waliingia mlango ambao Wazungu wenyewe walikuwa wameufunga.

Nyuma yao kulikuwa pazia lililotengenezwa na Freddy Tsimba, mchongaji wa Kinshasa ambaye anatumia maganda ya risasi yaliyookotwa kwenye sehemu za vita. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa maganda hayo yanatoka wapi. Wapigaji walicheza mbele yake wakiwa wamevaa kama masapeur, na mchezo ulikuwa wa furaha zaidi kuliko wa kilio.

Mwaka 2018 Cassol na Platel walirudi, tena na Vangama na wapigaji kutoka Kongo na nchi nyingine, kwa Requiem pour L. Safari hii msingi ulikuwa misa ya wafu ya Mozart. Kuna jambo la kukumbuka juu ya misa hiyo: Mozart alikufa mwaka 1791 kabla hajaimaliza, na ile inayopigwa makanisani ilijaziwa na mwanafunzi wake, Süssmayr. Kwa hiyo hata mtu anayetaka «ile ya kweli» anasikiliza mikono ya watu wawili.

Jina linabaki la nani?

Dhahabu ya Mobale ikifika Bukavu, haina jina la aliyeichimba wala la mama aliyeitwanga. Muziki uliobuniwa papo hapo unaweza kupatwa na jambo hilo hilo. Aliyeandika anabaki na karatasi, na karatasi ina jina. Aliyebuni alitoa pumzi, na pumzi haina saini.

Sahani ya Missa Luba ilitaja padri Haazen, na pia mwimbaji wa tenori, Joachim Ngoi. Watoto na walimu wengine ambao sauti zao zilijenga misa ile wanajulikana kwa jina la kikundi, ambalo lilikuwa jina la mfalme. Filamu ya Uingereza iliyoitwa If...., ya mwaka 1968, ilitumia Sanctus yao, na vijana wengi wa Ulaya wakaipenda bila kujua ni nani anayeimba.

Afrika ya Kusini ilishuhudia jambo chungu zaidi. Mwaka 1939 Solomon Linda, akiwa studio na kikundi chake, alirekodi wimbo Mbube na kubuni palepale sauti ya juu, mwisho wa wimbo. Sauti ile iligeuka wimbo wa Marekani unaojulikana pote, The Lion Sleeps Tonight. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa maskini. Watoto wake walipata makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kesi.

Katika Coup Fatal mambo yaliandikwa mapema: majina ya Kakudji, Vangama na Cassol yako kwenye kazi kama watengenezaji, si kama wasaidizi. Tofauti ya Kamina na Vienna iko pia hapo.

Sheria ya Kongo haijanyamaza. Sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na pia haki za wale wanaopiga na kuimba. Muziki wa Bach, aliyekufa mwaka 1750, na wa Haendel, aliyekufa mwaka 1759, ni wa watu wote. Lakini mtu akiupanga upya, ule mpango mpya ni kazi yake. Shirika la kusimamia haki hizo linaitwa SOCODA. Lilianzishwa mwaka 2011, na lilichukua nafasi ya SONECA ya zamani.

Wimbo wa mtunzi aliye hai, ao aliyekufa karibuni, una njia yake. Huo unahitaji ruhusa, hata kama ni wimbo wa kanisa.

Kwa korali na vikundi vya hapa

Kutoka kwa mifano hii yote, kuna mambo manne ambayo kikundi kinaweza kufanya bila pesa nyingi.

La kwanza, jifunzeni wimbo kama ulivyo mbele ya kuugusa. Loussier alijua Bach noti kwa noti, na Kakudji alijua Haendel. Wazee wa korali wana haki hapo: mtu hawezi kupamba asichokijua.

La pili, tafuteni msingi. Sikilizeni besi inafanya nini na akordi zinazunguka mara ngapi. Kubalianeni ni sehemu gani inaachwa wazi kwa kubuni, inachukua mizunguko mingapi, na nani anatoa ishara ya kurudi. Hapo vijana wana haki: nafasi hiyo ilikuwepo toka zamani.

La tatu, rekodini mazoezi kwa simu na kusema mwanzoni tarehe, jina la wimbo na majina ya wanaopiga. Kama simu ni ya mtu mmoja, sauti ihifadhiwe pia kwa mwingine, sababu simu zinaibiwa na zinaharibika.

La nne, andikeni kwenye daftari ya korali nani alibuni nini: mwanzo wa gitare ni wa nani, kiitikio kipya ni cha nani, mdundo ulitoka kijiji gani. Wote watie saini. Kama siku moja mtu wa studio anakuja kutoka Bukavu, Bujumbura ao Kampala, msomeeni daftari hiyo mbele ya kuwasha mashine.

Daftari moja na kalamu moja vinapatikana kwenye soko la Kamituga siku yoyote.